Makabidhiano ya Daftari

Kaa, Zawadieli. Kiti hicho mguu mmoja ni mfupi,
weka kipande cha boksi chini yake;
mimi nimefanya hivyo miaka ishirini na sita.
Hili ndilo daftari. Jalada limeliwa na mende,
lakini majina hawakuyagusa.
Wino wa zamani, nasikia, ni mchungu.

Hapa Chumbageni, kabla hatujaitwa chuo,
palikuwa ghala. Mkonge ulishushwa hapa,
marobota marefu yenye rangi ya mvi.
Bei ilipoanguka kampuni ikafunga mlango,
ikaacha mizani ya chuma, panya, na deni la maji.
Mwalimu Shekalaghe akaja na ufunguo wa kuazima
na ubao alioupaka masizi ya jiko la mkewe.
Ukurasa wa kwanza: wanafunzi saba.
Wa nane, Mwanakombo Mbwana, aliingia kujikinga mvua,
akakuta watu wanabishana kama sifuri ni namba.
Mvua ikakatika.
Hakutoka.
Tazama, jina lake bado lina doa la tone.

Watakuuliza mnafundisha nini.
Usikimbilie kusema kila kitu,
kila kitu hakina ratiba.
Jumatatu mantiki, na kelele zake humfikia muuza chapati.
Jumanne historia: kila mmoja huleta risiti kutoka kwao,
ya mbegu, ya kodi ya kichwa, ya sanda,
na huisoma mpaka itoe jasho.
Jumatano nyota, juu ya paa; umeme ukikatika ndiyo heri.
Alhamisi Kibondei, Kidigo, na Kilatini kidogo,
maana yule padri mstaafu hakutaka mshahara,
alitaka wasikilizaji.
Hisabati haina siku.
Hisabati hudaiwa kila siku, kama kodi ya nyumba.

Na ushairi ni pale, kando ya mizani.
Mshale wake uliganda kwenye nane
siku robota la mwisho liliposhushwa,
nane ya nini, hakuna ajuaye.
Bi Teofila Kihiyo hakuhitaji chaki:
alinyoosha kidole tu, darasa likahesabu silabi.
Kijana mmoja wa Maramba, ambaye babaye alimwandikia barua kali,
alijibu kwa mkaa, mlangoni mwa choo:

*Niliingia na swali, sasa ninayo sabini;*
*Baba, wauliza mali? Mali yangu i kichwani.*

Tulipaka rangi choo kizima. Mlango tukauruka.

Mwaka juzi alikuja bwana mkaguzi na fomu yake.
Safu ya kwanza: Kozi. Safu ya pili: Kazi.
Akauliza, mantiki hutoa nani?
Ulimi ulinipanda, nikaushusha kwa chai.
Nikafungua daftari hili hili, nikamsomea.
Mwanakombo, mkunga wa Pongwe;
huandika saa ya kuzaliwa na nyota iliyokuwa dirishani.
Singano, fundi saa;
alimshinda wakili katika kesi ya shamba la mamaye.
Hozza amerudi kwenye michungwa yake Muheza,
na madalali humkwepa, kwa kuwa anajua kugawanya.
Mntambo: sijui.
Hivyo ndivyo nilivyoandika, sijui, na sikufuta.
Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu.
Alijaza nini safu ya pili sikuona,
alikuwa amekinga kwa kiwiko, kama mtoto wa darasa la tatu.
Barua haijaja. Ikija, wewe ndiye utakayeifungua.

Mwaka huu ni kumi na tisa. Watatu hawajalipa;
usiwafukuze kabla ya Jumatano,
wingu likiondoka Zuhali itaonekana,
na mmoja wao ndiye mwenye darubini.
Ufunguo ni huu. Bado ni wa kuazima,
wenyewe hawajaulizia.
Tia sahihi hapa, chini ya doa.
Hapana, chini zaidi.
Haya.
Kalamu ni yangu, nirudishie.